Supu Zisizo na Wenyewe

Nianze kwa kusema kwamba mimi si Myahudi, mume wangu Moez si Myahudi, na hakuna aliyetuomba tuingilie mambo ya watu. Sisi ni Waismaili wa Mwanza. Tulipofika Toronto na binti yetu Inara tulipanga Flemingdon Park kwa muda tu, na huo muda haujaisha mpaka leo. Lakini jirani yangu wa mlango wa pili, Bi Trude Abeles, alikuwa Myahudi, na ndiye mtu pekee kwenye ghorofa yetu niliyeweza kugombana naye kwa Kiswahili. Mtu wa namna hiyo huwezi kumwachia kamati.

Trude alikulia Nakuru. Wazazi wake walimpeleka huko akiwa wa kubebwa, wakiikimbia Ujerumani. Kiswahili chake kilikuwa kile cha wazungu wa mashamba, hakina ngeli wala adabu, na alikitumia bila woga wowote. Huko huko aliolewa na Felix, Myahudi mwenzake, muuza vipuri vya matrekta, mtu mpole ambaye hakumwamini Mungu hata kidogo na hakuona sababu ya kuficha.

Sasa, Wayahudi wana sala yao inaitwa kadishi. Marehemu husomewa kila mwaka siku aliyofariki, lakini haisomwi kienyeji. Kwa watu wa sinagogi ya Trude lazima wasimame wanaume kumi, Wayahudi, watu wazima. Wakiwa tisa, hata wawe watakatifu namna gani, hakuna kadishi. Wanawake hata tukijaa ukumbi hatuhesabiki, na hilo nililitolea maoni ambayo sitayarudia hapa.

Kule Nakuru Wayahudi walikuwa wachache, na kila palipokuwa na msiba simu ilimlilia Felix: tuko tisa. Alifunga duka akaendesha gari, hata kama ni Eldoret, akasimama nyuma, akaitikia amina asiyoiamini, akarudi kuuza vipuri. Alisema Mungu kama yupo atajitetea mwenyewe, lakini maiti hana wa kumsemea. Hata hapa Toronto aliendelea hivyo hivyo mpaka alipokufa.

Desemba ya 2013, siku chache kabla ya Krismasi, mvua ilinyesha ikawa inaganda pale pale inapoangukia. Miti ilivunjika kwa uzito wa barafu, ikaangukia nyaya, na sehemu kubwa ya mji ikabaki gizani. Kwenye jengo letu lifti zilisimama na hita zikazima. Wapangaji ambao hawajawahi kusalimiana walianza kuulizana habari za mishumaa.

Balaa la namna hii huwatoa watu wema mafichoni. Wa jamatikhana yetu, nyumba yetu ya ibada, walifika kwanza, wamevaa vizibao vya kujitolea, wakiongozwa na Shafiq, mhasibu mstaafu anayependa foleni kuliko chakula chenyewe. Walitugawia biriani kwenye vikasha, na kila aliyepokea alipigwa picha ya jarida. Mimi nilipigwa mara tatu, kwa sababu mara mbili za kwanza uso wangu haukuonyesha shukrani ya kutosha.

Watu wa Trude walikuwa na ugonjwa wa upande wa pili. Mwanachuoni wao mmoja wa kale aliipanga sadaka kwa ngazi nane. Ya chini kabisa ni kutoa huku umekunja uso. Moja ya zile za juu ni pale mtoaji hamjui mpokeaji na mpokeaji hamjui mtoaji, ili asiaibike mtu. Wazo zuri, nami nililisifu niliposimuliwa. Tatizo ni kwamba kamati yao ya misaada ilikuwa na mwenyekiti, Bwana Gelber, mtu mwenye sauti ya kutangazia ndege, na Gelber aliamua kwamba katika baridi hili sinagogi nzima itapanda ngazi hiyo pamoja naye.

Siku ya pili ya giza ndiyo ilikuwa siku ya Felix kusomewa kadishi ya mwaka. Sinagogi ilikuwa imefungwa, na Trude, kwa magoti yake mabovu, asingeweza kushuka ghorofa saba kwa miguu. Asubuhi alimpigia Gelber kwa ile simu yake ya waya ambayo bado ilikuwa hai. Nilikuwa nimekaa pembeni. Alimwambia anahitaji wanaume kumi waje nyumbani kwake kabla jua halijazama, maana kwao siku huishia hapo.

Gelber alimkatiza kwa upole mkubwa. Hakutaka ajidhalilishe kwa kuomba. Kamati inajua anachohitaji, asiseme neno, vitu vitakuja vyenyewe na hatajua vimetoka kwa nani. Trude akasema hataki vitu, anataka watu. Gelber akasema simu nyingine inaita.

Zikaja supu. Tulisikia mtu anapanda ngazi akihema, sufuria ikigusa sakafu ya korido, kisha miguu ikiteremka mbio. Kengele hazikufanya kazi, na hakuna aliyebisha, maana ukibisha unaonekana. Mpaka Trude ajikongoje kufungua mlango, supu imepoa na mwenyewe yuko mtaa wa pili anamshukuru Mungu kwa kumjalia unyenyekevu. Adhuhuri ilipita, sufuria zikajaa mezani, supu ya kuku zote, na mahali pa kuzipashia moto hamna.

“Mimi hapana taka supu,” alisema Trude. Alikuwa amekaa na koti na mablanketi, mshumaa wa kumkumbuka Felix unawaka jikoni. “Felix nakwenda kwa kila mtu, Mama Inara. Kila mtu. Sasa yeye iko peke yake.”

Kisha akalia. Miaka yote niliyomjua sikuwahi kumwona akilia, hata makaburini, na roho iliniuma mpaka nikakasirika. Nikikasirika mimi huwa nakuwa na akili sana.

Nilirudi kwangu kumwambia Moez aje asaidie. Moez alikuwa kitandani na sweta juu ya sweta, kavaa kofia ya sufu ya Inara yenye kibonge cha manyoya utosini.

“Mama Inara, kila mtu na dini yake,” aliniambia. “Umeshaona Wayahudi wakija kutupangia jamatikhana? Waache. Na thamosi umeiweka wapi?”

Nikamwacha na kibonge chake. Nilirudi kwa Trude, nikajibanza nyuma ya mlango, mkono kwenye kitasa. Wa kwanza kumkamata alikuwa Daktari Perlmutter, daktari wa meno. Alikuwa ameinama anaweka sufuria, nikamshika mkono wa koti. Alijifunika uso kwa skafu.

“Hujaniona,” alisema.

“Nimekuona, na Trude amekuona, ingia.”

Alisononeka kwelikweli. Alisema tumemharibia, kwamba sasa sadaka yake imeshuka daraja. Nilimwambia avue viatu.

Waliofuata walikuwa mtu na mkwewe, waliopanda kwa ngazi mbili tofauti kila mmoja akidhani mwenzake yuko nyumbani amelala. Kisha wengine, mmoja mmoja, wakipinga, wakiziba nyuso, mmoja akidai amepotea jengo ilhali kashika bakuli la tambi. Niliwaambia wawapigie simu wenzao waje tumalize. Wakakataa wote. Ukimpigia mtu atajua uko hapa, na akijua uko hapa atajua umetoa.

Jua lilipoanza kushuka walikuwa tisa. Wakakaa sebuleni gizani, maana madirisha tulikuwa tumeyaziba kwa mablanketi kuzuia baridi, na kwa kukosa kazi wakaanza kumjadili Mungu. Perlmutter alisema barafu ni adhabu, watu wanaendesha magari siku ya Sabato. Mkwe akasema sivyo, Mungu hayumo kwenye barafu, yumo kwenye supu. Mzee mmoja akasema barafu ni barafu, hewa ya joto imekutana na ya baridi, wasimsingizie mtu. Waliendelea hivyo kwa raha kabisa, kana kwamba wamekuja kwa hilo.

“Sasa nyinyi mko tisa,” Trude aliwaambia kwa Kiingereza kikali, “na mna maoni ya watu thelathini. Nipeni mmoja zaidi.”

Nafikiri hapo ndipo walipoelewa kwamba mama wa watu anaweza kuikosa kadishi. Mmoja alipendekeza wasubiri mwakani. Trude, ambaye moyo wake ulikuwa mbovu na madaktari walishamwambia, aligeuza uso jikoni, kwenye mshumaa wa Felix.

Nilitoka koridoni. Giza tupu. Nilihisi kuna mtu, kulikuwa na pumzi upande wa ngazi, na nikajiambia huyu ni Gelber, amesikia wenzake wanakamatwa, ameamua kuilinda ngazi yake. Nikapaza sauti kwa Kiingereza kwamba amebaki mmoja tu. Awe nani, aje. Hatutawasha tochi, hatutauliza jina, wenzake wote watakuwa wamempa mgongo. Sikuagiza tena, niliomba. Sauti ilinitoka vibaya, nikarudi ndani kabla sijalia mbele ya ukuta.

Wanaume tisa walisimama wakaelekea mashariki, upande wa dirisha. Mimi na Trude tulikuwa nyuma, karibu na jikoni, ndipo mahali petu. Mlango ukafunguka taratibu. Mtu akaingia, akasimama kwenye kijia cha mlangoni kati ya makoti.

“Ni Gelber,” mmoja alinong’ona.

“Nyamaza, utamharibia,” Perlmutter alimjibu, kwa wivu nadhani. Akaanza kusoma kwa mwanga kidogo uliopenya kando ya blanketi.

Siijui lugha ile, lakini naijua sala ninapoisikia. Perlmutter alisoma, wenzake wakaitikia, na yule wa nyuma naye akawa anaitikia chini chini, akichelewa kidogo. Trude alikuwa amenishika mkono. Wakiwa katikati, umeme ukarudi. Taa ziliwaka nyumba nzima, friji ikaanza kunguruma.

Mimi na Trude tuligeuka pamoja. Kati ya makoti alisimama Moez wangu, kichwa ameinamisha, viganja amevifungua kifuani, na kile kibonge cha manyoya utosini.

Nikamtazama Trude. Nilijua anachokiona: tisa. Alikuwa na haki ya kuwasimamisha, na kwa imani yake alipaswa kuwasimamisha. Alimtazama Moez kuanzia kibonge mpaka viganja. Mabega ya wale wanaume yalishaanza kugeuka, maana nani asingetaka kumwona mwenyekiti.

“Asigeuke mtu,” Trude alisema kwa Kiingereza. “Fumbeni macho, nyote. Ninyi si ndio mnaojua sadaka ya siri? Basi mtoleeni mwenzenu.”

Wakafumba. Wasomi wa watu, madaktari na wafanyabiashara, wamesimama na soksi wakiwa wamekaza macho kama watoto wanaochezeshwa, na Perlmutter akamalizia kwa kichwa. Moez alingoja mpaka amina ya mwisho, akatoka, akafunga mlango bila kelele.

Nilipofika kwangu alikuwa kitandani tena, anajifanya kusoma. Nilisimama mlangoni. Nikamuuliza tu kwa nini.

“Felix angekuja,” alisema.

Kesho yake nilimuuliza Trude kama inahesabika. Alikuwa anamwaga supu.

“Felix hapana amini, na wao nahesabu yeye,” alisema. “Moez naamini, na wao hapana hesabu yeye. Mimi nachanganya hawa wawili, napata mtu moja mzima. Wewe nyamaza, Mama Inara. Kama wewe nasema, ile kadishi nakufa.”

Nikaapa kunyamaza. Wanaonijua watakwambia kiapo hicho kilikuwa na uzito gani.

Mwezi wa Mei sinagogi yao iliandaa karamu ya kuwashukuru waliojitolea wakati wa barafu, na Trude akatualika mezani kwake. Alikuwa amekonda sana, tulijua hatakuwa na karamu nyingine. Rabi alisimama akasimulia habari za mtu wa kumi. Alisema usiku na mchana tunaongelea ngazi ya juu, lakini mmoja wetu aliipanda, akaingia gizani, akamsaidia mjane, akatoka, na mpaka leo hakuna anayemjua. Ukumbi mzima ukageuka polepole kumtazama Bwana Gelber.

Mara moja tu angetikisa kichwa, ingekwisha. Gelber aliinamisha uso. Akaweka kiganja kifuani. Akafuta jicho, kavu kama sahani. Watu wakasimama kumpigia makofi yule mtu wasiyemjua, wengine wakimpigapiga bega.

Damu ilinipanda kichwani. Kiti changu kilikuwa kimeshasogea nyuma. Neno lilikuwa mdomoni, na lilikuwa neno moja tu, jina la mume wangu. Chini ya meza Trude alinikamata mkono. Vidole vilikuwa vya baridi na havikuwa na nguvu yoyote, ningeweza kujinasua bila hata kujua. Hakunitazama. Alikuwa anamtazama Gelber na kutabasamu.

Upande wangu wa pili Moez alikuwa amesimama na ukumbi mzima, anapiga makofi kwa nguvu, kitambaa cha mezani bado kimening’inia shingoni. Akaniinamia sikioni.

“Piga makofi, Mama Inara,” alisema kwa Kiswahili. “Watu wanakuangalia.”

Nikasimama, nikapiga makofi mpaka viganja vikaniuma.