Barua za Siri za Bwana Osiako

"Tuseme alipitiwa," Dorothy, mwenyekiti wa kamati ya nidhamu, alisema kwa mara ya tatu, akiisukuma karatasi mbele ya Nabwire. "Tuandike hivyo, tutie sahihi, twende tukale."

Alipitiwa! Nabwire, karani wa masjala, aliyewekwa kwenye kamati hiyo ya watu watatu kuwawakilisha wafanyakazi wadogo, alihisi damu ikimchemka. Miaka ishirini na miwili amezichunga siri za ofisi hii ya kilimo mjini Kakamega, akifunga kabati na kulivuta tena kuhakikisha. Leo anaambiwa mkubwa wake alipitiwa tu.

Mkubwa huyo ni Bwana Osiako, mpokeaji wa malalamiko ya wakulima. Printa ya ofisi ilipoishiwa wino, aliteremka hadi saiba, duka la intaneti lililo karibu na soko, akatuma barua pepe kumi na moja za siri kwa anwani ya saiba, ile iliyobandikwa ukutani ili kila mteja atume kazi yake ichapishwe. Akachapishiwa, akalipa, akaenda zake. Barua zikabaki humo humo kwenye kompyuta ya saiba, asome anayetaka. Moja ilikuwa ya Naliaka, mjane kutoka Lumakanda, aliyeeleza jinsi mbolea ya ruzuku ilivyokuwa ikitolewa ghalani kwa mlango wa nyuma. Wiki haikuisha kabla jina lake halijawafikia aliowataja. Mahindi yake yote yalifyekwa yakiwa na maua.

Asubuhi Osiako alikuwa amejitetea kwa upole, mikono kifuani. Kila mtu huchapisha saiba, alisema. Hakula hongo ya mtu, nia yake ilikuwa kazi isilale. Nabwire alipomuuliza kama hakuona neno SIRI juu ya kila barua, alijibu kwamba aliliona, lakini mkutano ulikuwa saa nane. Na kinachoudhi ni kwamba alisema kweli. Si mwizi, si mtu mbaya. Hakujali tu, na ukimuuliza Nabwire, hilo ndilo kosa lenyewe.

"Mwaka jana Jairus alisahau bahasha moja hotelini," Nabwire alisema. "Dakika kumi, na haikufunguliwa. Tulimfuta kazi, na mimi nikatia sahihi. Kuna aliyemuuliza nia yake?"

"Jairus alikuwa mesenja," Dorothy alijibu. Kisha akaona haya, akaangalia saa.

Nabwire alikataa kutia sahihi. Haikusaidia kitu, wawili walitosha. Osiako akaandikiwa onyo. Dorothy akawakumbusha wenzake kwamba uamuzi wa kamati ni siri, na atakayeutoa nje atafutwa kazi.

Nje, kwenye benchi la wageni, Naliaka alikuwa amekaa tangu asubuhi, mwavuli mapajani. Alipomwona Nabwire akasimama.

"Dada, wamesemaje? Au mwenye makosa ni mimi niliyeandika?"

Nabwire alitaka kumwambia asubiri barua, kama alivyowaambia watu miaka yote. Safari hii hakusema hivyo. Alimshika mkono, akamketisha, naye akaketi karibu naye. Nyuma yao mlango ulifunguka, Dorothy akatoka na kusimama pale pale, mkoba begani, akiwatazama.

Nabwire alimwona. Hakushusha sauti.

"Tulikuwa watatu," akaanza.