Swali Ambalo Mkwe Hakuuliza

Kwetu Samia mwanamume hamgusi mama mkwe wake. Hampi mkono, hali naye meza moja, na wakikutana njiani mmoja atapisha mpaka kwenye majani. Nimeinung'unikia desturi hii tangu niolewe, maana mume wangu Odoi anajua migongo kuliko mtu yeyote hapa Busia, na mgongo wa mama yangu ndio uliokuwa unamtesa.

Odoi alisomea Nairobi kazi ya kunyoosha uti wa mgongo. Madereva wa malori huja kutoka foleni ya mpakani Malaba wamejikunja, wakatoka wamesimama wima. Kisha wanatia chumvi: eti presha imeshuka, vidonda vya tumbo vimepona. Odoi hakatai wala hakubali. "Mtu akisimama vizuri analala vizuri," husema, basi. Mimi ndiye niliyeyaamini yote nikampigia mama simu aje.

Mama Benedeta alifika Jumanne asubuhi kutoka Lumino, juu ya bodaboda, kiuno kimefungwa leso mbili. Kushuka tu kulimtoa machozi. Nilimlaza kwenye kitanda cha kazi. Odoi akakaa upande wa pili wa pazia, kwenye stuli, na pazia lenyewe akalipa kisogo. Yeye angesema, mimi ningefanya. Miaka sita nimemsaidia kushika wagonjwa, kwa hiyo nilijiona fundi.

"Muulize mama maumivu yanashuka mguu gani."

"Yote miwili," nikasema, baada ya mama kunionyesha.

"Mwambie anyanyue vidole gumba vya miguu."

Cha kulia kilinyanyuka. Cha kushoto kilitikisika kidogo kikalala. Mama alikuwa anauma leso kwa maumivu, nami nilitaka yaishe. "Vimenyanyuka," nikasema.

Nililijua swali lililofuata. Kila dereva huulizwa bila haya: mkojo unatoka vizuri? Unapokalia kuna ganzi? Jibu likiwa baya Odoi hamgusi mtu, anampeleka hospitali. Lakini mkwe atatajaje haja ya mama mkwe? Nilisikia stuli yake ikilia.

"Muulize kama kuna kitu kingine," akasema hatimaye.

"Mama, kuna kitu kingine?"

"Hakuna kitu. Mgongo tu ndio nauma. Nyinyi nauliza sana kama polisi ya boda. Nyoosha!"

Na mimi, mwanamke niliyezaa watoto watatu, nikaona haya kuliuliza.

"Basi mlaze ubavu," Odoi akasema. "Goti la juu likunje. Mkono mmoja begani, mwingine kiunoni. Avute pumzi, aitoe. Nikisema sasa, sukuma mara moja, kwa nguvu."

Nikaweka mkono begani. Mama akavuta pumzi. Nikapitisha mkono wa pili kiunoni, chini ya leso.

"Sasa," Odoi akasema.

Leso ilikuwa imelowa.

Nilidhani ni jasho, mpaka harufu ilipopanda. Mama alinishika kifundo cha mkono. "Nyamaza," akanong'ona. "Mkwe nasikia."

"Tangu lini?"

"Tangu jana. Mimi sisikii hata ikitoka."

"Ritah! Sasa!"

Mikono yangu ilikuwa bado imemshika, tayari kumsukuma. Niliogopa kuliko siku zote za maisha yangu.

"Anajikojolea!" nikapiga kelele. "Hana habari! Na kidole cha kushoto hakikunyanyuka, nilikudanganya!"

Stuli ilianguka. "Mwachie! Usimsukume! Mishipa imebanwa huko ndani, ukimsukuma hatatembea tena. Tororo, kwa daktari wa upasuaji, sasa hivi!"

Mama alikuwa analia. "Umenivua nguo mbele ya mkwe," akaniambia. Nilimwita Swaliki, jirani yetu mwenye gari, akaja na ubao wa kumlaza. Swaliki akashika upande wa miguu. Mimi nikashika upande wa kichwa, nikainua, nikashindwa. Nikajaribu tena, ubao ukainama, mama akapiga yowe.

Pazia likafunguka. Odoi aliingia macho chini, akanisogeza, akainama akashika ubao, mkono wake umegusa bega la mama. Mama alijifunika uso kwa leso.

"Nisamehe, mama," akasema. Ndiyo mara ya kwanza nilimsikia akisema naye bila kupitia kwangu.

Mama akajibu chini ya leso: "Shika sana. Usiniangushe."

Walimpasua siku ileile. Daktari alisema angechelewa mpaka kesho, miguu isingerudi. Nilitoka nje nikalia peke yangu, kwa sababu ya kile kidole nilichosema kimenyanyuka.

Miezi minne baadaye mama alikuja tena, anatembea na fimbo, anataka kujua mazoezi gani afanye. Odoi aliwahi stuli yake nyuma ya pazia, akalipa kisogo kama kawaida. Alikohoa. Akakohoa tena. Nami nilikuwa nimeshafungua kinywa niulize, safari hii bila haya, lakini mama alinitangulia, kwa sauti ya kusikika mpaka sokoni:

"Mkwe! Mkojo natoka sawa!"