Comadre wa Gavana

Leocadia alichomoa nondo ardhini, akanusa ncha yake. Udongo mtupu, hakuna harufu ya maiti. Kina mama wenzake waliobabuliwa na jua, nao wakitafuta watoto wao waliopotea, walijua vizuri pa kuchimba ni wapi: ng'ambo ya ule waya, kwenye shamba lenye walinzi, ambako polisi walionekana wakimwingiza mwanawe Fermín, wasimtoe tena.

"Si gavana ni compadre wako?" Chelo, mmoja wao, alimchokoza. "Nenda basi! Au ubatizo wenu ulikuwa wa maji ya bomba?"

Akaenda. Heriberto Zazueta alikuwa baba wa ubatizo wa Fermín, enzi zile anauza mbolea na kutafuta umeya. Tangu siku hiyo wanaitana compadre na comadre. Akawa meya, akawa mbunge, akawa gavana, na kila kampeni alikuja kula supu ya mbuzi kwa Leocadia huku akipigwa picha. Sasa alitaka useneta.

"Comadre!" alimkumbatia mbele ya wapambe. "Mbona umekonda hivi, jamani?"

"Nifungulie lile shamba, compadre. Sitaki kesi, simshtaki mtu. Nataka mifupa ya mwanangu niizike."

"Mifupa tena? Kijana yuko zake Marekani huko, kapata mwanamke." Wapambe wakacheka. "Haya, usilie. Shamba nalitwaa leo hii kwa jina la serikali."

Leocadia akambusu mkono. Alijiona mjinga kwa miezi yote aliyokuwa akimtukana kimoyomoyo.

Kesho yake kina mama walipofika na majembe, walinzi hawakuwepo. Matingatinga yalikuwa yameshasawazisha kila kitu, na polisi wamefunga njia. Mradi wa gavana, waliambiwa. Wakasimama kutwa wakitazama zege likimwagwa.

Siku ya uzinduzi gari la serikali lilimfuata Leocadia nyumbani. Kibao kilisomeka: UWANJA WA VIJANA FERMÍN MERAZ.

"Usikate utepe, Leocadia!" Chelo alipiga ukelele kutoka nyuma ya ngao za polisi. "Usikate, mama wee!"

"Compadre," Leocadia alinong'ona, "sasa nitachimba wapi?"

"Tabasamu, comadre. Nimemjengea mwanetu."

Angeweza kumtemea mate. Lakini huyu alimshikia mwanawe mshumaa kanisani, na maisha yake yote hakufundishwa namna ya kumkatalia mtu wa aina hiyo. Gavana alimtia mkasi mkononi, akaufumbata mkono wake, akaubana mpaka utepe ukakatika.

Watoto wa shule wakamwagika juu ya zege na mipira mipya, wakikanyaga kwa vishindo, wakiimba jina la Fermín kama walivyofundishwa.