Gurudumu Likirudi Nyuma

Madaktari walipokwisha kuuunganisha kwa waya mfupa wa pia ya goti lake la kulia, uliopasuka alipoteleza kwenye ngazi ya duka, walimwagiza mshonaji awe na subira. Ni ushauri unaotolewa kwa wingi na watu wanaorudi nyumbani kwa miguu yao wenyewe. Kidonda kilipofunga, mtaalamu wa viungo alilikunja goti, akalinyoosha, akatangaza kwamba linaendelea vizuri. Mshonaji hakuuliza linaendelea kwenda wapi. Alitaka kujua jambo moja tu: je, litakanyaga tena cherehani?

Nyumbani hakutulia. Aliketi, akasimama, akahamishia kiti dirishani, akakirudisha. Wifi yake, mke wa kaka yake, ambaye waliendesha naye duka la ushonaji, alikuwa ameagiza mota ya umeme. Ijumaa mekanika angekuja kuling'oa kanyagio la cherehani ya mshonaji.

"Nakupunguzia mateso, wifi," alimwambia mshonaji kwenye simu.

"Mateso yangu ni wewe."

"Basi mota imechelewa sana."

Kwa mshonaji, mota ilikuwa hukumu: mguu huu haurudi. Kwa hiyo akafanya mazoezi kwa siri kwenye cherehani kuukuu ya nyumbani, akiwa ameuvua mkanda wa gurudumu ili goti lisilemewe. Mguu ulipanda na kushuka kwa madaha. Alijidanganya kwa ufundi wa hali ya juu.

Ijumaa alimtangulia mekanika dukani. Aliketi bila kusalimia sana, akatia shuka chini ya sindano, akalisukuma gurudumu kwa mkono, akakanyaga. Mguu ulifika chini ukasita. Gurudumu likageuka kinyumenyume, uzi ukakatika.

"Wifi, unashona au unafumua?"

"Nyamaza, nasikiliza mashine."

"Mashine imeshasema."

Alitunga uzi upya. Ukakatika tena. Mekanika akaingia, akaweka sanduku lake mlangoni, akaanza kutafuta bisibisi kwa utulivu wa mtu ambaye goti si lake.

Hapo ndipo mshonaji alipolielewa kosa lake. Gurudumu lenye mkanda lina uzito, naye wiki zote hizo alikuwa amekanyaga hewa. Tangu ajifunze kazi, mguu wa kulia ndio ulioongoza. Sasa akauvuta nyuma hapohapo juu ya kanyagio, akatanguliza wa kushoto, akakanyaga. Kanyagio likashuka, likainuka, likaubeba mguu mbovu kama abiria asiyetaka safari. Goti liliuma. Liliuma likikunjwa na likinyooshwa, lakini gurudumu halikurudi nyuma, na mshono ukafika ukingoni mwa shuka.

Wifi aliliinua shuka kwenye mwanga.

"Umepinda."

"Aliyelala haoni."

"Na asiyelala?"

"Huyo ana matatizo makubwa kuliko mshono."

Wifi aliukagua mshono mara nyingine, akauvuta pande zote mbili. Haukuachia. Akamgeukia mekanika.

"Hiyo mota funga kwenye cherehani yangu."

"Kwani miguu yako ina nini, mama?"

"Ina akili."

Mshonaji hakucheka. Alikwisha kuvuta shuka jingine na kulipanga chini ya sindano. Kusimama kungelihitaji goti hilohilo, bila kanyagio la kulibeba, na hakuwa bado na uhakika kama lingemudu.