Muhuri wa Duka la Mashada

Mimi ni mtu wa hasira, na tangu Julai hasira zangu zote ni za kujikasirikia mwenyewe. Nauza vitu vya mazishi hapa Hengyang, China: mashada ya karatasi, ubani, nyumba za karatasi za kuwachomea marehemu. Duka limesajiliwa na lina muhuri mwekundu. Muhuri huo ndio ulioniponza.

Shuyao ni mtoto wa marehemu dada yangu, nimemlea tangu ana miaka tisa. Alisoma Kiingereza chuoni miaka minne. Nikimuuliza atafanya kazi gani, alikuwa anacheka. Mwaka wa mwisho hakucheka tena. Ofisi za tafsiri zilimwambia mashine inamaliza kitabu kizima kabla chai haijapoa. Kampuni ya bima ilimtaka aanze kwa kuwauzia ndugu zake, na ndugu mwenyewe ni mimi peke yangu. Akabaki na tamaa moja tu, kufundisha Kiingereza sekondari ya wilayani kwetu. Nafasi ilikuwa moja, nayo ya wahitimu wa mwaka huo ambao hawajawahi kuajiriwa.

Mwezi Mei mlezi wa darasa lao, Mwalimu Kuang, akaanza kumpigia simu asubuhi na jioni.

"Shuyao, mmebaki watatu bila ajira. Leta fomu ya ajira yenye muhuri, hata wa kibanda cha maandazi. Idara ikikosa asilimia yake ya wahitimu wenye ajira inafungwa."

"Mwalimu, sina kazi."

"Nani kakuuliza kazi? Nimesema muhuri!"

Akaja dukani amenuna. "Mjomba, nigongee hapa. Wote wanafanya hivi. Nimeshauliza, fomu peke yake hainizuii kuomba ualimu."

"Niandike unafanya kazi gani?"

"Mfasiri."

"Mfasiri! Unawatafsiria maiti?"

Tulicheka mpaka mteja mmoja aliyefiwa akatukodolea macho. Nikagonga muhuri.

Ningeishia hapo, leo nisingekuwa na neno. Lakini roho iliniuma. Mtoto wa dada yangu awe mfanyakazi wa uongo? Mwezi wa sita nikaenda ofisi ya bima ya jamii, nikamwandikisha kihalali kama mfanyakazi wangu, nikamlipia mchango. Sikumwambia, nilitaka iwe zawadi yake ya kuhitimu. Nilirudi natembea kifua mbele, mpumbavu mimi.

Mtihani wa ualimu akashika namba moja kati ya watu mia mbili na kumi. Siku aliyoitwa kuhakikiwa vyeti nilimpikia samaki mzima kwa pilipili, nikakaa kumsubiri.

Alirudi mchana, akasimama mlangoni, bahasha ya vyeti kaikumbatia.

"Mjomba, ulinilipia bima?"

"Ee! Nani kakwambia? Nilitaka nikushtukize..."

"Karani kaniona kwenye kompyuta. Anasema mimi ni mwajiriwa wa duka la mashada. Wamemchukua namba mbili."

"Nakwenda mimi! Nitawaambia ni uongo, hujawahi hata kufagia hapa!"

"Ukisema hivyo, wewe umeidanganya serikali na mimi nimekidanganya chuo. Watanifutia na shahada. Mwalimu Kuang hapokei simu zangu."

Nilitaka anitukane. Angenitukana ningepumua. Badala yake alivua viatu vyake vya usaili, akavaa kandambili zangu, akaketi kwenye meza ya kukatia karatasi.

"Wale wa msiba wa jioni wanataka mashada mangapi?"

"Shuyao, achana nayo. Njoo ule."

"Mangapi, Mjomba?"

"Manane."

Akachukua mkasi. Mimi nalia, mtu mzima wa miaka hamsini na minane, na yeye anakata maua, taratibu, kwa unadhifu uleule wa madaftari yake ya Kiingereza. Samaki akapoa. Shada lake la kwanza lilitoka zuri kuliko yote niliyowahi kutengeneza.