Viti Vyangu Vinashuka Mtoni

Mimi nakodisha viti vya plastiki, vya harusi na vya misiba. Juzi afisa wa mto alivitaka ukumbini, eti wananchi watoe maoni kuhusu mpango wa mto. Nikavipanga. Watu wa bondeni walipofika, mlinzi akawazuia: walioalikwa tu. Mama mkwe wangu, ambaye mto huo humwingia jikoni kila mvua ikikaza, aliambiwa na afisa mwenyewe, "Subiri nje, mama. Tutakuletea majibu."

Nikaingia, nikamgusa bega mgeni rasmi.

"Samahani mzee, inuka kidogo. Kiti changu hicho."

Afisa akaja mbio. "Dada, si tulishakubaliana?"

"Tulikubaliana viti vya wananchi. Wananchi wako nje."

Nikamgeukia mlinzi. "Hao wote ni wabebaji wangu. Wapishe."

Mama mkwe akatangulia, akatoka na viti vinne kichwani. Tukavipanga ukingoni mwa mto, kwenye tope. Ukumbi ulipobaki bila kiti, wakubwa wakashuka nyuma yetu, wamekunja suruali.

Afisa akauliza akae wapi. Mama mkwe akamwonyesha kule nyuma kabisa, penye maji.

"Subiri pale, mwanangu. Tutakuletea majibu."