Ndizi za Felista Haziivi

Asubuhi ya Jumanne, kabla ya kwenda kufukua shimo la ndizi, Felista alinyoa ndevu. Aliegemeza kipande cha kioo dirishani, akajipaka sabuni ya kufulia kidevuni, akapitisha wembe taratibu. Alipomaliza alijitanda kanga shingoni kuficha ule weusi ambao hakuna sabuni iliyowahi kuutoa. Mumewe Dominiko alikuwa anakunywa uji. Alimsogezea taulo bila kugeuka, namna mtu anavyomsogezea mwenzake chumvi.

Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba, hatua chache kutoka kaburi la mama yake. Felista aliondoa udongo, akaondoa majani makavu, akatoa mikungu aliyoivundika wiki iliyopita. Ilikuwa ya kijani vilevile, imetoka kama ilivyoingia. Alibonyeza ndizi moja, ilikuwa ngumu. Akaifukia yote tena, si kwamba alikuwa na tumaini lolote, ila shimo likiachwa wazi mbuzi hutumbukia.

Mambo hayo yalianza masika yaliyopita. Zilianza ndizi, yakafuata maparachichi, halafu mafenesi. Chochote alichokishika Felista kilibaki vile kilivyokuwa siku hiyo. Hakikuoza, lakini hakikuiva pia. Watu wa Matombo wana kazi zao. Walisema ndizi za Felista haziivi, kama wanavyosema kilima fulani kina utelezi, wakaendelea kupalilia. Walichokisema kwa kirefu, tena kwa sauti ya chini, ni kwamba ameolewa miaka yote hiyo na hana mtoto.

Kwa asiyetujua, milimani kwetu shamba ni la ukoo wa mama. Linatoka kwa mama kwenda kwa binti, na mume ndiye anayehamia. Felista alikuwa binti pekee wa mama yake. Akifa bila binti, au wazee wakichoka kungoja kabla hajafa, shamba litakwenda tumbo lingine la ukoo, pamoja na kijito kilichoko chini na kaburi lililoko juu. Hilo ndilo lililomnyima usingizi. Ndevu alikwisha zizoea.

Alivunja ungo akiwa na miaka kumi na mitatu. Akawekwa ndani, akafundwa, akatolewa kwa ngoma, mwali amebebwa mabegani. Baada ya sherehe mwezi ukapotea. Mama yake alimchapa ili amtaje mwanamume, na mwanamume hakuwepo. Mwezi ulirudi siku uliyotaka wenyewe, ukamwaga damu mpaka akawa anashika ukuta akitembea, ukaondoka tena. Tangu hapo uliishi hivyo, unakuja na kuondoka bila kuaga.

Wa kwanza kuona faida katika jambo hili alikuwa Stambuli, mchuuzi wa matunda kutoka mjini Morogoro. Mzigo mmoja alioushika Felista ulikwama njiani, fuso limezama kwenye tope mpaka watu wakalala humo, na ndizi zikafika Dar hazina hata doa la njano. Safari iliyofuata Stambuli alipanda mpaka nyumbani kwake, kofia mkononi.

"Dada Felista," alisema, "wewe ni friji isiyotaka umeme. Nakuomba, kila mzigo wangu uupitishie mkono."

"Nipeleke hospitali mjini," Felista alijibu. "Sitaki kingine."

Stambuli alikuwa mtu wa kutimiza ahadi. Alimpeleka, amekaa mbele karibu na dereva.

Daktari alikuwa kijana mpole. Alimpaka tumboni mafuta ya baridi, akamwonyesha kwenye kioo cha mashine madoa meusi yaliyojipanga mviringo kama shanga.

"Hivi ni vifuko, vimejaa kwenye ovari zako zote mbili," alisema. "Kila kimoja ni yai lililoanza kukua likaishia njiani. Mayai yako hayapevuki."

"Kama ndizi zangu."

"Ndiyo, kama ndizi zako," daktari alisema. Stambuli alikwisha mweleza habari hiyo mlangoni, naye hakuona haja ya kuirudia.

Alimfafanulia vizuri. Homoni zimepoteza mizani, za kiume zimezidi. Ndevu zinatokana na hapo, na mwezi kupotea pia. Weusi wa shingoni na unene usioshuka ni dalili kwamba mwili unashindwa kuitumia sukari sawasawa. Ukiachwa hivihivi, kisukari kinaweza kufuata, na mji wa mimba nao ukaja kuharibika kwa kukaa muda mrefu bila damu kutoka. Hajarogwa wala hajakosea kitu. Wanawake wengi wanao ugonjwa huu na hawajui. Felista alilia kidogo. Hakuna mtu aliyewahi kuzungumzia mwili wake bila kuulaumu.

"Sasa dawa yake?" aliuliza.

"Kuumaliza kabisa hatuwezi, ila unatulizwa. Kwanza punguza uzito."

"Napanda mlima kila siku na mkungu kichwani."

"Basi punguza wanga."

"Nalima ndizi, daktari."

Daktari akaandika vidonge. Foleni nje ilikuwa ndefu, naye akaongeza lile linalosemwa siku zote. "Wengi wakishazaa, mwili hukaa sawa."

"Na kuzaa nitazaaje?"

"Mwili ukikaa sawa."

Hakuna aliyecheka. Kwenye dirisha la dawa waliambiwa vidonge vimeisha, arudi mwezi ujao. Felista alitaka kuuliza mwezi upi, wa kwake au wa kalenda, akaona amwonee huruma yule dada wa dirishani. Alirudi kwa kalenda. Vilikuwa vimeisha tena.

Jumapili moja baada ya misa, mjomba wake Bonifasi, msimamizi wa ardhi ya ukoo, alikuja na wazee wawili. Felista aliwaamkia, akawapa viti, akamletea mjomba picha ya vile vifuko aliyopewa hospitali. Mzee aliigeuza juu chini, akaipeleka kwenye mwanga.

"Haya yote ni mayai?"

"Ndiyo, mjomba."

"Mengi hivi?"

"Ni mengi, ila hayapevuki."

Mzee Bonifasi alimrudishia picha. "Kumbe unayo," alisema kwa masikitiko, "ila huyatumii."

Shamba likapewa Glory, binti wa mama yake mdogo, kwa kuwa Glory ana binti, Judithi. Felista alihamia kwenye ghala alilokuwa amejenga Stambuli kando ya barabara. Ndani kulikuwa na giza na harufu ya majani, na ndizi za vijiji vitatu zilifika hapo kupitishiwa mkono. Dominiko, ambaye alikuwa huko kwa sababu ya shamba la mkewe, alijitwika godoro akarudi kwa watu wa mama yake. Aliondoka analia, na machozi yalikuwa ya kweli, maana alimpenda. Lakini aliondoka.

Aliyebaki kumtembelea ni Judithi. Kila akitoka shule alipita ghalani, akakaa chini, Felista akamsuka nywele kama alivyomsuka tangu mdogo. Hawakuwa na mazungumzo makubwa. Waliwasema walimu na kuwacheka watu wanaopita na pikipiki zilizokwama. Felista hakumwambia mtu, lakini saa hiyo ndiyo aliyoiamkia.

Halafu Judithi akavunja ungo. Mjomba Bonifasi alishuka mpaka ghalani, akabaki mlangoni.

"Mwali amewekwa ndani," alisema. "Tunakuomba usipande huko mpaka atolewe. Si kwa ubaya. Unaijua mikono yako."

"Naijua, mjomba."

Siku ya kumtoa mwali Felista alisikia ngoma kutoka juu, kwenye shamba la mama yake, akiwa amekaa katikati ya ndizi mbichi. Iliuma. Alipitisha mkono kwenye mzigo wote, akaurudia tena tangu mwanzo, mpaka ngoma ziliponyamaza.

Baada ya sherehe, mwezi wa Judithi ukapotea. Glory alimchapa ili amtaje mwanamume. Felista aliposikia hakungoja ruhusa. Alipanda kilima, akamkuta Glory uani pamoja na mjomba, Judithi amejikunyata jikoni na alama za fimbo mikononi.

"Msimpige," alisema. "Mpelekeni mjini akapigwe picha. Ni ugonjwa, umo kwenye damu yetu. Akiwahiwa sasa hivi atatunzwa."

"Ulimshika lini?" Glory aliuliza.

"Sikiliza, mdogo wangu. Si mikono yangu, ni..."

"Nakuuliza ulimshika lini!"

Felista aliitazama mikono yake. Alikuwa amemshika kila siku, kwa kitana na kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo. Mjomba Bonifasi alisema basi, swali limekwisha jibiwa, hospitali ya nini tena. Judithi akaachishwa shule, kwa kuwa msichana wa namna hiyo huzungumzwa, na mzee akaanza kuulizia ni tumbo gani lingine la ukoo lenye mabinti.

Wiki hiyohiyo Judithi alifika ghalani amejifunga mtandio mpaka kwenye midomo. Karibu na mlango kulikuwa na mkungu ulioletwa umechelewa, umeanza njano. Judithi aliushika, akakaa nao. Jioni Stambuli alipokuja kupakia, njano ilikuwa imesimama palepale. Aliutazama mkungu, akamtazama binti, akasema alhamdulillahi, kwa sababu mizigo ilikuwa imeongezeka. Safari iliyofuata alileta kigoda cha pili.

Asubuhi moja Felista aliegemeza kipande cha kioo dirishani, akapovusha sabuni. Alimfungua Judithi mtandio, akampaka kidevuni, akamkabidhi wembe mpya.

"Fuata zinakoelekea, mwanangu," alimwambia. "Ukienda kinyume zitakutoa damu."